Ndege ikifutwa, msing'ang'anie kusafiri kwa pamoja

TUCHUKUE mfano wa jamaa 12 wanaoishi Uingereza, ambao wanarejea nyumbani Siaya kumzika mzee wao. Mazishi ni Jumamosi. Alhamisi jioni, wakiwa tayari katika uwanja wa ndege wa Heathrow jijini London, wanatangaziwa kwamba ndege ya Nairobi imefutiliwa mbali. Hapo ndipo umoja uliowapunguzia gharama na upweke unapogeuka kuwa pingu.

Sababu ni hii. Watu wanapokata tiketi pamoja, aghalabu majina yao yote huwekwa chini ya nambari moja katika kompyuta ya shirika la ndege. Safari ikifutwa, wanatafutiwa ndege nyingine yenye nafasi 12 kwa mpigo. Ndege ya aina hiyo ni adimu, hasa mwezi wa Desemba. Nafasi mbili zikipatikana hapa na tatu kule, zinachukuliwa na wasafiri waliokuja peke yao, nalo kundi linazidi kungoja ndege itakayolimeza lote. Huenda ikapatikana Jumapili, mzee akiwa keshazikwa.

Dawa ni kumwomba karani aigawanye nambari hiyo. Ni ombi la kawaida, na hushughulikiwa papo hapo kwenye kaunta. Lakini kundi halina budi kuwa limeamua mapema nani atangulie, kwani uamuzi huo hauwezi kufanywa kwa busara saa tano usiku, watoto wakilia na watu wazima wakilaumiana. Mjane atangulie, na kifungua mimba. Mtoto asitenganishwe na mzazi wake. Kama mwili nao unasafirishwa kutoka ng'ambo, ikumbukwe kwamba huo huchukuliwa kama shehena yenye stakabadhi zake, na unaweza kupakiwa katika ndege tofauti na ya waombolezaji. Kwa hivyo mwenye nakala za stakabadhi hizo awe miongoni mwa watakaofika Nairobi mwanzo.

Mizigo pia huleta balaa. Familia zetu zina mazoea ya kusajili masanduku matano kwa jina la mtu mmoja ili uzani ulingane. Kundi likigawanyika, masanduku yote humfuata mwenye jina. Kila mtu na asajili lake.

Kosa linalogharimu zaidi hufanyika wiki kadhaa kabla ya safari. Wengi hununua tiketi ya London hadi Nairobi kutoka kwa shirika moja, kisha ya Nairobi hadi Kisumu kutoka kwa lingine, kwa kuwa ni nafuu. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili litawahesabu kuwa abiria wasiofika, na nauli imepotea. Mkiwa na tiketi moja inayofika Kisumu, wajibu wa kuwafikisha huko ni wa aliyewauzia. Binafsi, ile tofauti ya bei huiona kuwa bima.

Kuhusu haki, safari inayoanzia Uingereza inalindwa na sheria ya nchi hiyo, bila kujali ndege ni ya nani. Sheria hiyo imerithiwa kutoka kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Februari 2005. Ndege ikifutwa, abiria huchagua kati ya kurudishiwa nauli na kutafutiwa njia nyingine ya kufika aendako. Akichagua kusafiri, sharti apewe chakula, na malazi ikibidi alale. Tahadhari: anayekubali kurudishiwa nauli amejitoa, hadai tena kitanda wala ndege nyingine. Asiwepo mwenye hasira wa kulikubalia kundi zima jambo hilo.

Isitoshe, kwa masafa yanayozidi kilomita 3,500, kama ilivyo London hadi Nairobi, abiria aliyefika akiwa amechelewa kwa zaidi ya saa nne anaweza kudai fidia ya pauni 520. Fidia hailipwi ikiwa chanzo kilikuwa nje ya uwezo wa shirika. Mfano ni majivu ya volkano ya Iceland yaliyofunga anga ya Ulaya Aprili 2010. Hata hivyo, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2013 kwamba hata katika janga kama hilo, wajibu wa kuwalisha na kuwalaza abiria haukomi.

Wakati wa kurudi mambo hubadilika. Anayeondoka Nairobi kwa ndege ya shirika la Kenya hana ulinzi wa sheria hiyo ya Uingereza. Kimbilio lake ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake na ambao, chini ya Katiba ya 2010, ni sehemu ya sheria zetu. Mkataba huo hautoi kitita maalumu. Abiria hulipwa hasara aliyoithibitisha kutokana na kucheleweshwa, isipokuwa shirika lionyeshe kwamba lilifanya kila liwezekanalo. Ndiyo maana stakabadhi za teksi, chakula na hoteli hazifai kutupwa. Kesi ifikishwe mahakamani kabla ya miaka miwili kupita. Malalamiko kuhusu mzigo uliochelewa nayo yaandikwe katika muda wa siku 21 tangu ulipokabidhiwa mwenyewe.

Halafu kuna simu ya nyumbani. Ateuliwe mtu mmoja wa kuzungumza na mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Mkipiga simu nyote 12, kijijini zitafika habari 12 tofauti, na mwenye hema na wapishi watakuwa wameambiwa warudi makwao kabla nyinyi wenyewe hamjajua mtaondoka saa ngapi.