Michezo, Ngoma na Mtoto wa Mkimbizi Shuleni

Utangulizi

Mwalimu anapopokea darasani watoto wa jamaa zilizokimbia nchi yao, jambo la kwanza analolifikiri ni lugha na vitabu. Ni haki afikiri hivyo. Lakini mtoto aweza kukijua Kiswahili, akawa wa kwanza katika hesabu, na bado wakati wa mapumziko akasimama peke yake ukutani. Makala hii inakusudia kueleza jinsi shughuli za pamoja zinavyoweza kumfanya mtoto huyo ajione mwenyeji, na kwa nini wakati mwingine zinashindwa.

Mifano miwili ya uwanda wa kati

Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma, palikuwa mahali pa mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Mwaka 1964 pakawa kambi ya wapigania uhuru. Walikaa hapo FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, ZAPU wa Zimbabwe na MPLA wa Angola. Hao hawakuwa wakimbizi wa kawaida, bali askari waliojiandaa kurejea kwao. Hata hivyo walikuwa watu walio mbali na nyumbani. Kila chama kilikuwa na sehemu yake. Kandanda, muziki na Kiswahili walichojifunza papo hapo ndivyo vilivyowakutanisha wao kwa wao na pamoja na watu wa Kongwa. Baadhi yao walioa huko, wakazaa watoto.

Mfano wa pili ni Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako walipewa ardhi wakimbizi waliotoka Burundi kwa sababu ya mauaji ya mwaka 1972. Makazi mengine yalikuwa Katumba na Mishamo. Watu hao walilima, wakajilisha. Walikubaliwa uraia mwaka 2010, wakiwa zaidi ya 162,000, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Kwa hiyo walingoja karatasi kwa miaka kama arobaini. Lakini kabla ya karatasi hiyo, Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu ilikwisha kuimba kwa Kiswahili na kusikilizwa katika nyumba nyingi za Tanzania. Msikilizaji hakuwaalika wanakwaya hao kwa huruma. Alizitaka nyimbo zao.

Hapo ndipo penye somo letu. Mtu hawi wa mahali kwa sababu amekaribishwa tu. Huwa wa mahali anapokuwa na jambo ambalo wenzake wanalihitaji kwake.

Kosa la kujihadhari nalo

Wakati mmoja nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja yenye watoto wa aina zote mbili. Mwanachuo wetu, kwa nia njema, alipanga mchezo wa mpira: wenyeji upande huu, wageni upande ule. Nami niliipitisha azimio lake la somo bila kuuliza neno. Kufikia kipindi cha pili wachezaji walikuwa wakitukanana kwa majina ya makabila, na kesho yake watoto walikaa darasani kwa mafungu. Mpira haukuleta utengano huo, ila sisi tuliupa jezi.

Njia zinazofaa

(a) Changanya vikundi kabla ya mchezo. Gawa timu kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili. Usigawe kwa kijiji wala kwa ukoo. Katika rede na kuruka kamba, wape watoto zamu, ili asiwepo wa kutazama tu.

(b) Mpe mtoto mgeni jambo la kufundisha. Chukua mfano wa ngoma. Kwa Wagogo, muheme hupigwa na wanawake, nao huibana ngoma mapajani. Kwa Warundi, ngoma kubwa zilizochongwa katika shina la mti hupigwa kwa fimbo mbili, wapigaji wakisimama nusu duara, na kwa mila ni kazi ya wanaume. Watoto wakifundishana ngoma hizi mbili watauliza wenyewe kwa nini huku hupiga mama na kule hupiga baba. Swali hilo ni somo zima la maarifa ya jamii.

(c) Usimfanye mtoto maonyesho. Kumwita mbele ya wazazi siku ya sikukuu acheze "ngoma ya kwao", kisha kumrudisha ukutani, ni kumtenga kwa makofi. Vivyo hivyo, usimwamuru asimulie jinsi walivyokimbia. Akitaka kusimulia, atachagua siku na msikilizaji.

(d) Shughuli iwe na mwendo. Bustani ya shule yafaa kuliko tamasha la siku moja, kwa maana mboga humwagiliwa kila siku, na mwenye zamu asipofika hutafutwa. Mtoto anayetafutwa na wenzake amekwisha kuwa mmoja wao.

(e) Pima matokeo. Wakati wa mapumziko simama kando, uandike nani anacheza na nani. Rudia baada ya muhula mmoja, ulinganishe. Kama mafungu ni yale yale, badili njia, usiwalaumu watoto.

Hitimisho

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumhimiza mgeni asiwe mvivu. Walimu hatuna budi kuusoma na upande wake wa pili: anayepewa jembe amepewa pia sehemu ya shamba. Basi, mwalimu mwenzangu, utakapoandaa azimio la juma lijalo, mtafute mtoto yule wa ukutani, ujiulize ni jembe gani utakalompa.