Bei ya Kinda

Mnamo Agosti 2016, katika mji wa Exeter ulioko kusini-magharibi mwa Uingereza, klabu ambayo si mali ya tajiri wala ya kampuni bali ni ya mashabiki wake wenyewe, walioichukua mikononi mwao tangu mwaka 2003, ilimwingiza uwanjani kijana wa miaka 15 aitwaye Ethan Ampadu, na kwa kitendo hicho ikaifuta rekodi ya mchezaji wake mwenye umri mdogo kuliko wote, iliyodumu miaka 87. Mwenye rekodi hiyo alikuwa Cliff Bastin, mzaliwa wa mji uo huo, ambaye mwaka 1929 Arsenal walimnunua kwa pauni 2,000 akiwa na miaka 17, ndevu hazijamwota sawasawa. Ampadu naye hakukawia. Julai 2017, kabla hajatimiza miaka 17, alikuwa mchezaji wa Chelsea. Baina ya mabarobaro hao wawili kuna takriban miaka tisini, na katika muda huo sheria zimegeuka na mishahara imepanda hadi ikapita fahamu ya mtu wa kawaida, walakini njia itokayo Exeter kwenda London ni ile ile, na swali la mlezi ni lile lile: kinda akishaota mbawa, nani alipwe, na alipwe kiasi gani?

Zamani klabu haikuwa na haja ya kumbembeleza mchezaji. Kwa utaratibu uliorithiwa kutoka karne ya 19, klabu iliyomsajili mtu iliweza kumzuia asichezee pengine hata baada ya mkataba wake kwisha, na mshahara wake, ajapocheza kwa ufundi namna gani, haukuruhusiwa kuvuka kiwango maalumu, ambacho kilipofutwa Januari 1961 kilikuwa pauni 20 kwa juma. Mwaka 1963, katika shauri la George Eastham dhidi ya Newcastle United, Jaji Wilberforce aliamua kwamba kumfunga mtu namna ile ni kumzuilia riziki yake isivyo halali. Na Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya, katika shauri la Mbelgiji Jean-Marc Bosman, ikamalizia kwa kusema kwamba mkataba ukiisha, mchezaji akahamia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, klabu yake ya zamani haidai hata senti. Tangu hapo mlezi hana cha kumshikia kijana isipokuwa mkataba wenye muda na ahadi ya kumchezesha.

Na mkataba wenyewe ni mfupi. FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kufungwa kwa zaidi ya miaka mitatu, na Uingereza mkataba wa kulipwa hautiwi saini kabla ya miaka 17. Kwa hiyo tangu mtoto aingie akademi akiwa na miaka minane au tisa, klabu humfundisha, humlisha, humtibu goti, humfuata shuleni kwa gari jioni ya mvua na kumrudisha kwao usiku, na miaka yote hiyo haina hakika kama atakuwa wake.

Mwaka 2012 Ligi Kuu ya Uingereza ilileta mpango mpya wa akademi, ukazigawa kwa madaraja manne, na fidia ya mtoto anayehamia kwingine kabla ya kusaini mkataba ikawekwa kwenye jedwali, kama nauli ya daladala. Kwa viwango vya mwanzo, ililipwa pauni 3,000 kwa kila mwaka wa malezi hadi umri wa miaka 11, na kuanzia 12 hadi 16, baina ya pauni 12,500 na 40,000 kwa mwaka, kwa kadiri ya daraja la akademi iliyomlea. Chukua kalamu upige hesabu: mtoto aliyekaa miaka mitatu ya kwanza na mitano ya pili katika akademi ya daraja la tatu, thamani yake jedwalini ni pauni 71,500. Yapo malipo ya baadaye endapo atacheza Ligi Kuu, lakini hayo ni kama mvua ya mwakani, huwezi kuipandia mbegu leo.

Klabu ya Brentford, ya magharibi mwa London, iliionja nauli hiyo. Walipochukuliwa vijana wawili na vigogo wa Manchester, kila mmoja kwa takriban pauni 30,000, wakuu wa klabu walikaa, wakatazama daftari la gharama, na mwaka 2016 wakaifunga akademi nzima. Badala yake wakaunda timu B ya vijana waliokwisha komaa kidogo, aghalabu wale waliotupwa na akademi za wakubwa. Wengi waliulaumu uamuzi huo, maana uliwakatisha tamaa watoto waliokuwamo, nami nawaunga mkono kwa upande wa utu. Ila kwa jicho la mhasibu sikuona kosa. Mwaka 2022, wakiwa wamekwisha panda Ligi Kuu, walirejea kulea watoto, na si ajabu, kwa kuwa sasa wao wenyewe wana jina la kumvuta mzazi wa mtoto wa klabu ndogo.

Exeter hawakufunga. Ampadu alikuwa ameuvuka umri wa jedwali, kwa hiyo wao na Chelsea waliposhindwa kupatana, bei ilikatwa na baraza la fidia: pauni milioni 1.3 kwa kuanzia, na nyongeza ambazo zingeweza kuifikisha milioni 2.5. Klabu haikuficha masikitiko yake. Faraja yao ilitoka kwa kijana mwingine, Ollie Watkins, waliyemuuza Brentford mwaka uo huo wa 2017 kwa takriban pauni milioni 1.8, na ambaye katika mkataba wa mauzo yake waliandika sharti kwamba akiuzwa tena, nao wapate sehemu. Septemba 2020 Aston Villa walimnunua kwa pauni milioni 28, na Exeter wakapata mamilioni yao wakati viwanja vilipokuwa vitupu kwa ajili ya Korona na mlangoni hapaingii hata pauni moja. Kwa klabu ya namna hiyo, sharti lile la mstari mmoja lina thamani kuliko jukwaa jipya la watazamaji, na kiongozi anayelisahau kwa tamaa ya fedha taslimu anastahili kuulizwa na waliomchagua.

Wako wanaodhani kwamba kijana huondoka kwa kufuata fedha tu. Lau ingekuwa hivyo, Manchester City, ambao fedha si shida kwao, wasingempoteza Jadon Sancho, aliyeukataa mkataba wao mwaka 2017 akaenda Borussia Dortmund kwa takriban pauni milioni 8, akavishwa jezi namba 7 na, lililo kubwa zaidi, akachezeshwa. Miaka minne baadaye Manchester United walilipa pauni milioni 73 kumrudisha katika mji ule ule alioukimbia. Kinyume chake tazama Birmingham City, klabu isiyo na uwezo wa nusu ya Manchester City: Agosti 2019 walimchezesha Jude Bellingham akiwa na miaka 16 na siku 38, na kwa msimu ule wakampa mechi zaidi ya 40. Hawakumzuia, hakuna aliyeweza kumzuia. Walakini walimshika kwa msimu mmoja wa manufaa, na alipoondoka Julai 2020 Dortmund walitoa takriban pauni milioni 25, fedha ambazo hazingeonekana kamwe kama angeondoka akiwa bado wa timu ya vijana. Klabu ikaistaafisha jezi yake namba 22, watu wakacheka. Real Madrid walipotoa zaidi ya yuro milioni 100 mwaka 2023, kicheko kikapungua.

Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, mlango mmoja ulifungwa: tangu Januari 2021 klabu zake haziwezi kumsajili kijana wa ng'ambo aliye chini ya miaka 18. Wawindaji wakageukia nyumbani, na Uskoti, iliyo ndani ya ufalme mmoja, ikawa shamba la jirani lisilo na ua. Ben Doak alitoka Celtic kwenda Liverpool mwaka 2022, akiwa na miaka 16, kwa fidia ya takriban pauni 600,000. Mwaka 2025 Liverpool wakamuuza Bournemouth kwa bei iliyofika milioni 20. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi.

Hata hivyo jambo lililonishangaza kuliko yote katika biashara hii ni kwamba wakubwa nao, baada ya kuwanyang'anya wadogo, hawawaweki vijana wao. Kanuni za hesabu zilizoanza msimu wa 2013/14 zilizuia klabu ya Ligi Kuu kupata hasara inayozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Sasa mchezaji aliyenunuliwa kwa milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano hubeba vitabuni gharama ya milioni 10 kila mwaka, na akiuzwa, sehemu isiyokwisha ya bei yake hutolewa kwanza ndipo faida ionekane. Ilhali kijana wa nyumbani hakununuliwa, vitabuni thamani yake ni sifuri, na kila pauni inayopatikana kwake ni faida tupu ya mwaka huo huo. Ndivyo Mason Mount, aliyeingia Chelsea akiwa mtoto wa miaka sita, alivyouzwa Manchester United mwaka 2023 kwa pauni milioni 55, na Conor Gallagher akafuata njia ya Madrid mwaka uliofuata. Kanuni iliyokusudiwa kuzuia israfu imemfanya mwana wa nyumba kuwa bidhaa nyepesi kuliko zote kuuzika, na mashabiki walioimba jina lake ndio wa mwisho kuelezwa.

Ni haki kumlipa mlezi, na mahakama imekwisha sema hivyo. Olivier Bernard alilelewa Lyon, akakataa mkataba wao, akaenda Newcastle mwaka 2000. Shauri lilipofika Mahakama ya Ulaya, mwaka 2010 majaji waliamua kwamba fidia inaruhusiwa maadamu inalingana na gharama za malezi, na katika gharama hizo wahesabiwe hata wale vijana ambao hawatakuwa wachezaji wa kulipwa maisha yao yote. Hapo majaji waliifahamu biashara hii vizuri kuliko waliotunga lile jedwali la nauli.

Kwetu Tanzania, Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, wengi walishangilia jina la nchi, wachache wakauliza habari za asilimia tano. Kwa kanuni za FIFA, bei ya mchezaji anayevuka mpaka hukatwa asilimia tano wagawiwe waliomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa 23. Kama bei ni dola milioni 10, fungu hilo ni 500,000. Klabu iliyomlea kutoka miaka 12 hadi 15 hupata 25,000 kwa kila msimu, na iliyomlea baadaye 50,000. Tangu Novemba 2022 iko ofisi ya FIFA mjini Paris inayozipitisha fedha hizo, nayo hufuata kumbukumbu za usajili zilizoko kwenye mashirikisho ya nchi.

Namkumbuka mwalimu mmoja wa timu ya mchangani huko Temeke, aliyekuwa na daftari la shule lenye ganda lililochanika, ambamo aliandika jina la kila mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi na siku aliyoanza mazoezi. Wenzake wakimwita karani. Daftari lile Paris hawalisomi. Basi enyi viongozi wa timu ndogo, msimu huu dirisha la usajili litakapofunguliwa, msiwaingize katika mfumo wa shirikisho letu, TFF, wakubwa peke yao. Waingizeni na wale wa miaka 12.