Kadi ya Sauti: Jua Utakachorekodi Kabla ya Kulipa

Kijana wako amekujia na ombi. Anataka kurekodi nyimbo zake nyumbani, naye anashikilia kwamba kompyuta ya sebuleni imekosa kitu kimoja tu: kadi nzuri ya sauti. Je, utajuaje ipi inafaa na ipi itakumalizia pesa bure?

Kazi ya kadi ni kugeuza sauti iwe tarakimu ambazo kompyuta inaweza kuhifadhi, kisha kuzirudisha ziwe sauti. Kompyuta nyingi huja na kifaa hicho ndani. Chatosha kusikilizia muziki, lakini tundu lake dogo halikutengenezewa maikrofoni za studio, na mara nyingi hunasa mvumo wa umeme wa mashine yenyewe. Ndiyo maana wengi wanaorekodi hutumia kisanduku cha nje kinachochomekwa kwa waya wa USB.

Dukani utatajiwa namba nyingi. Usibabaike. Sikio la binadamu halisikii zaidi ya mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na hilo latosha kuinasa yote. Kisanduku kinachojivunia 192,000 kitajaza diski yako zaidi ya mara nne, nawe usisikie tofauti. Cha kudai ni biti 24 badala ya 16 za CD. Hizo hukuruhusu kurekodi kwa kiwango cha chini bila chakarachakara, ili mwimbaji akipaza ghafla sauti isipasuke.

Sasa chukua daftari, ujibu maswali haya manne.

Kwanza, ni wangapi watakaorekodiwa kwa pamoja? Anayeimba huku akipiga gitaa atatosheka na matundu mawili. Kwaya yenye maikrofoni nne itahitaji manne.

Pili, ni maikrofoni gani? Zile za kondensa huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kisanduku. Za dainamiki, kama Shure SM58, haziuhitaji.

Tatu, je, mwimbaji ataweza kujisikia moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku? Sauti inayopitia kompyuta kwanza huchelewa kidogo, na anayejisikia kwa kuchelewa hupoteza mdundo.

Nne, kama ni cha mtumba, je, programu yake ya kukiendesha inakubaliana na kompyuta yako? Isipokubali, umenunua kopo tupu. Nenda na kompyuta yako, urekodi hapo hapo kabla ya kutoa hata shilingi.

Usimalize pesa zote kwenye kadi. Bakisha za maikrofoni na vifaa vya masikioni. Tena kumbuka kwamba hakuna kadi inayoweza kuondoa mwangwi wa chumba kitupu cha saruji wala honi za matatu. Funga madirisha, zima friji kwa muda, tundika blanketi nzito nyuma ya mwimbaji, au mwache aimbe akielekea kabati lililojaa nguo. Programu ya kurekodia, Audacity, haiuzwi, hupatikana bure.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana akishayajibu maswali hayo manne, nendeni dukani pamoja.