Majani Makavu ya Msituni Si Takataka

Ndugu wanavikundi, msitu wa Kakamega unapata mbolea wapi? Hakuna anayeupelekea samadi wala DAP, na mvua huko ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ya kutosha kuosha udongo ukabaki bure. Hata hivyo miti inanenepa tu. Lakini fyeka kipande, panda mahindi bila mbolea, na baada ya misimu michache shamba limechoka.

Siri iko kwenye majani yaliyoanguka. Yafunue kwa mkono. Ya juu ni makavu na mazima, ya chini yake ni meusi, yametobokatoboka, na chini kabisa ni mboji. Nyuzi nyeupe unazoziona ni kuvu. Jongoo, mchwa na nyungunyungu hukatakata, kisha kuvu na bakteria humalizia kazi. Chakula hakitoki chote kwa mara moja. Potasiamu huoshwa na mvua za kwanza. Naitrojeni na fosforasi hushikwa kwanza na vile viumbe vidogo, na hutoka vikifa au vikiliwa. Hapo mizizi myembamba ya miti, iliyotandaa juu juu, hudaka kabla maji hayajateremka nayo.

Mti nao ni mchoyo! Kabla ya kuangusha jani huvuta kwanza karibu nusu ya naitrojeni na fosforasi iliyomo. Ndiyo sababu jani la njano ni maskini kuliko jani bichi. Kwa hivyo yale maua ya njano ya kando ya barabara, tithonia, tunayakata yakiwa mabichi: majani yake yakipimwa makavu yana naitrojeni karibu asilimia 3.5, na huoza upesi sana.

Mabua ya mahindi ni kinyume chake. Ukiyafukia leo na kesho upande, bakteria hukosa naitrojeni ndani ya bua, basi wanaikopa kwenye udongo. Mahindi yanageuka njano na watu wanasema mbegu ni mbaya. Yafukie mapema, miezi kadhaa kabla ya kupanda, ama yachanganye na samadi kwenye lundo. Majani ya mikaratusi ni magumu na yana mafuta, afadhali yatandazwe juu kuzuia jua.

Na kuchoma? Naitrojeni karibu yote inaenda na moshi. Potasiamu na chokaa hubaki kwenye majivu, halafu mvua kubwa ya kwanza inayapeleka mtoni.

Kuna wanaotuma watoto msituni na magunia kuleta majani. Hapana, jamani. Huo ni unga wa miti unachukuliwa, na mazao ya msitu wa serikali hayatolewi bila kibali. Fagieni ya uani na ya mipakani, muyarundike kivulini na kuyamwagia maji. Finya konzi moja: yakitoa tone moja au mawili, unyevu unatosha. Yakichuruzika, ongezeni makavu na mgeuze lundo.