ZIWA NALO NI BARABARA

Ashukaye Luzira kutoka katikati ya Kampala hulikuta gati la Port Bell, mahali ambapo reli hukoma na maji huanza. Hapo mabehewa ya shehena huingizwa melini, yakavushwa hadi Mwanza na kushika reli ya Dar es Salaam. Kwa nchi isiyo na pwani, njia hii ni mlango wa pili wa nyumba.

Mlango huo umeona misukosuko. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, usimamizi wa pamoja wa meli ulikwisha nayo. Katika miaka ya 1980 Uganda ilijipatia meli tatu za mabehewa: Kabalega, Pamba na Kaawa. Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana, Kabalega ikazama, na zile mbili zikakaa miaka bila kazi.

Hasara ya chuma hulipika. Ya roho hailipiki. Novemba 2018 chombo cha starehe kilizama karibu na ufuko wa Mukono, wakafa watu zaidi ya 30. Wakuu walieleza kuwa hakikuwa na leseni na kilijaza kupita kiasi. Askari na polisi walikwenda kuokoa, lakini uokoaji ni tiba ya mwisho. Kinga ni ukaguzi kabla kamba haijafunguliwa. Jeshini, gari halitoki kambini bila kukaguliwa. Kwa nini chombo chenye abiria kitoke?

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 iliweka pamoja usajili, leseni na usalama. Ni hatua njema, lakini sheria haitii mafuta katika mashua ya doria.

Nani basi alipe? Katika kivuko cha Bukakata na Luku, kiendacho kisiwa cha Bugala, abiria hatozwi nauli. Hazina ndiyo hulipa, kwani kivuko hicho ni kiungo cha barabara. Twaona utaratibu huo uendelee kwa wananchi wa visiwani. Mwenye shehena na mwenye chombo cha biashara watoe ada, nayo irudi ziwani: kwenye maboya, taa, magati na mishahara ya wakaguzi. Hesabu yake itangazwe kila mwaka, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Barabara ikiharibika, msafiri hukwama. Ziwa likipuuzwa, msafiri harudi.