Kabla Kikundi Hakijanunua Gari la Stima Lililotumika



Tangu mafuta yapande bei, vikundi kadhaa vya huku Kitale na Bungoma vimetuuliza jambo lile lile: "Kuna mtu anatuuzia gari la stima, ati halinywi petroli hata tone. Tununue?" Jibu letu si ndiyo wala si hapana. Tunataka tu kueleza yale tuliyoyaona tukiwa na kikundi kimoja cha akina mama wa upande wa Kiminini, ambao akiba yao ya maziwa ya miaka minne ilikaribia kwenda na gari moja la rangi ya buluu.

Gari hilo lilikuwa Nissan Leaf. Yako mengine madogo yaliyoinuka kidogo, kama Hyundai Kona, lakini Leaf ndilo tunaloletewa zaidi, kwa sababu lilianza kuuzwa kule Japani mwezi wa Desemba 2010 na yaliyotumika ni mengi. Pale Nairobi yalifanya kazi ya teksi chini ya NopeaRide kuanzia mwaka 2018 hadi kampuni hiyo ilipofungwa mwaka 2022. Kwa hiyo si gari la kuchezewa. Lakini Nairobi teksi hizo zilikuwa na vituo vyao vya kuchajia, na sisi huku hatuna.

Kwanza, hakikisheni ni gari la stima kweli. Kuna Nissan Note e-Power, lililotoka Japani mwaka 2016, na madalali wengine huliita la stima. Ni kweli magurudumu yake husukumwa na mota ya stima, lakini stima yenyewe inatoka kwa injini ya petroli iliyo humo humo ndani. Halina mahali pa kuchomeka waya. Si gari baya, ila likiuzwa kama gari lisilokunywa mafuta, mnadanganywa. Leaf lina kifuniko puani, na ndani yake ndipo pa kuchajia. Kifunguliwe mkiona.

Sasa tuje kwa betri, maana hapo ndipo pesa yenu yote inapolala. Betri hupimwa kwa yuniti zile zile mnazonunua kwa tokeni. Leaf za kwanza zilikuwa na yuniti 24, zikafuata za 30, na kuanzia mwisho wa mwaka 2017 zikaja za 40. Hizo ni hesabu za betri mpya. Betri huzeeka kama debe linaloota kutu ndani: nje ni debe lile lile, lakini maji linayobeba yamepungua. Joto ndilo adui yake mkubwa, na betri ya Leaf haina maji ya kuipoza kama radieta inavyopoza injini. Kwa hiyo muulizeni muuzaji gari limeishi wapi. Lililokaa Mombasa juani miaka mitano si sawa na lililokaa kwenye baridi ya Kitale, hata kama yote mawili yanang'aa.

Kumbukeni pia kwamba sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Basi Leaf la yuniti 24 mnaloonyeshwa leo liliingia nchini zamani, na limekwisha kutumika hapa pia.

Washeni gari mtazame dashibodi. Kando ya kipimo cha chaji kuna vijiti vyembamba 12. Hivyo havionyeshi chaji, vinaonyesha afya ya betri. Kijiti cha kwanza kikizimika, betri imepoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Kila kinachofuata ni kama asilimia 6 hivi. Gari la buluu lilikuwa na vijiti 10, na dalali aliwaambia akina mama, "Mama, 10 kwa 12, hiyo ni kama mpya." Mama mmoja mzee akamjibu, "Kijana wangu, hata mimi nina meno 10, lakini muhindi mgumu siuwezi." Tulicheka, kumbe alikuwa amesema kweli.

Vijiti peke yake havitoshi. Kuna wajanja wanaojua kuvirudisha kwa kompyuta vikaonekana vimejaa, na baada ya siku chache za kutembea vinaanza kuanguka tena. Tafuteni mtu mwenye kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, na kwenye simu yake awe na programu iitwayo LeafSpy. Vijana wa jua kali wanaotengeneza magari ya kisasa wanaijua. Programu hiyo huonyesha afya ya betri kwa asilimia, na zaidi ya hapo, huonyesha jozi 96 za seli zilizo ndani ya betri, moja moja. Zote zikiwa sawa sawa, vizuri. Moja ikiwa dhaifu, inaangusha zote, kwa maana zimefungwa mstari mmoja kama ng'ombe wa kulima: akilala mmoja, jembe limesimama. Tena msipime betri ikiwa imejaa. Ikijaa, hata seli mbovu huonekana nzima. Pimeni chaji ikiwa imeshuka na gari likiwa linapanda mlima.

Hapo ndipo tulipoamua kwenda safari. Tuliondoka Bungoma mjini betri ikiwa imejaa, sisi watu wanne pamoja na dalali, tukapita Webuye na Misikhu kuelekea Kitale. Kabla ya kuondoka tulipiga hesabu kwenye daftari ya mweka hazina, nasi tunaomba kila kikundi kifanye hivyo. Njia hiyo ni kilomita 80 na kitu. Leaf hutumia kama yuniti 15 au 16 kwa kilomita 100 za tambarare, kwa hiyo hapo ni yuniti 13. Lakini Bungoma iko kama mita 1,400 juu ya bahari na Kitale kama 1,900. Kuinua gari la karibu tani 2 na watu wake mita 500 kunakula kama yuniti 3 zaidi. Jumla 16. Betri ya 24 hata ikiwa mpya hairuhusu zote zitumike, kama 21 tu. Ondoa asilimia 21 za vijiti viwili vilivyozimika, zinabaki 16 na kitu. Kwa karatasi tungefika Kitale tukihema.

Hatukufika. Karibu na Kamukuywa gari liliwasha taa ya onyo, likapunguza nguvu likawa kama kobe. Tuliingia kwa boma moja la Mkristo mwenzetu, tukaomba soketi, tukakaa hapo hadi jua linatua. Kijana wa Kitale alipofika na kifaa chake, tuliona jozi tatu zimeanguka mbali chini ya wenzake. Dalali alinyamaza kabisa.

Linganisheni na Leaf la yuniti 40 ambalo betri yake imebaki na afya ya asilimia 85. Hilo lina kama yuniti 32 za kutumia. Kushuka kutoka Kitale hadi Bungoma ni kama 11, kurudi 16, na bado mna akiba ya kutosha mvua ikiwakuta njiani. Kwa maoni yetu, kikundi cha Kitale kinachouza Bungoma kisinunue chini ya hapo. Kikundi ambacho soko lake liko kilomita 15 kinaweza kutumia lile la zamani, kwa bei ya chini sana. Na hakuna aina inayofaa kwa mahindi: gunia 4 za kilo 90 pamoja na dereva, mmekaribia mwisho wa uzito wake.

Upande wa nyumbani msiupuuze. Gari litavuta stima kwa saa 8 usiku mzima, na lile la 40 hata 13 au zaidi. Nyumba zetu nyingi zilipata umeme kwa redi bodi na waya mwembamba. Msichaji hapo, wala kwa waya wa kuunganisha. Fundi mwenye leseni ya EPRA aweke soketi ya gari peke yake, waya mnene kutoka kwa mita, na waya wa ardhini. Hiyo ni gharama ya kuandikwa pamoja na bei ya gari. Mwaka 2023 EPRA ilipitisha bei ya stima ya magari, shilingi 16 kwa yuniti mchana na 8 usiku kabla ya makato, lakini kwa mita yake yenyewe. Mkitumia mita ya nyumba mtalipa bei ya nyumba.

Mengine ni kama gari lolote: matairi, shokabsoba, bushi, dalili za maji chini ya kapeti. Gari liko chini kidogo kwa barabara zetu za marram, kwa hiyo mlale chini mwone kama sanduku la betri limegongwa. Waya za rangi ya machungwa fundi wa kawaida asiziguse, zinaua. Waya wa kuchajia uwe ndani ya bei. Na jina la kwenye logibuku lithibitishwe kwa NTSA kabla ya shilingi yoyote kutoka.

Dalali alirudi wiki iliyofuata akipunguza bei. Akina mama wa Kiminini walimshukuru wakakataa. Hadi tunapoandika haya pesa zao bado ziko benki. Wamekubaliana kwamba likipatikana la yuniti 40, muuzaji atakuja nalo Bungoma asubuhi, watapanda naye hadi Kitale na kurudi, kifaa kikiwa kimechomekwa njia nzima, na chakula chake cha mchana watalipa wao.