Namna setelite ilivyosaidia kutafuta ndege iliyopotea

Wenzetu wawili wa fizika wametuletea ulizo: kama radio ya ndege imenyamaza na hakuna mtu anayeiona, namna gani watu wanaweza kusema ilianguka upande fulani wa bahari? Ulizo ni zuri. Tutajibu kwa habari ya ndege ya Malaysia, MH370.

Tarehe 8 mwezi wa 3 mwaka 2014, Boeing 777 hii iliruka Kuala Lumpur saa sita na dakika 42 za usiku, ikienda Beijing. Ndani mulikuwa watu 239. Kisha dakika 40 hivi sauti ya rubani haikusikika tena, na alama ya ndege ikapotea ku rada. Rada ya waaskari iliiona imegeuka magharibi, mpaka saa nane na dakika 22. Basi, kimya.

Lakini ku ndege kulikuwa antene ya kusema na setelite ya Inmarsat, iliyo juu ya Bahari ya Hindi, kilometre 36.000 hivi toka chini. Kituo cha kupokea kilikuwa Perth, Australia. Saa moja ikipita bila habari, kituo kinauliza: «Upo?» Chombo cha ndege kinajibu chenyewe: «Nipo.» Rubani hagusi kitu. Jibu hilo halisemi ndege iko wapi, njo maana ilipaswa hesabu.

Wimbi la radio linakimbia kilometre 300.000 kwa segonde moja. Ukipima jibu limekawia muda gani, na ukiondoa njia ya Perth mpaka setelite, inabaki njia ya setelite mpaka ndege. Fikirini mbuzi aliyefungwa kwa kamba ku kijiti. Kamba ikivutika sana, unajua mbuzi yuko ku duara, lakini hujui upande gani. Vivyo hivyo kila jibu lilitoa duara moja juu ya dunia. Upande mmoja duara zilipita Asia mpaka karibu na Kazakhstan, upande mwingine zilishuka ku bahari ya kusini. Sasa, kaskazini ao kusini?

Hapa wainjeniere walitumia jambo tunalolijua wote barabarani: kamyo inayokuja ikipiga honi, sauti ni nyembamba, ikishapita, sauti inakuwa nzito. Wimbi la radio nalo linabadilika hivyo. Chombo cha ndege kinasahihisha mwendo wake chenyewe, kikifikiri setelite imetulia kabisa. Kumbe setelite ile ilikuwa ya zamani, ilikuwa inapanda na kushuka kidogo kila siku, kaskazini na kusini ya ekwata. Kosa dogo likabaki, na kosa la ndege inayoenda kusini si sawa na la ile inayoenda kaskazini. Walilinganisha na ndege zingine zilizojulikana safari zao: kusini ndiko kulipatana. Kwetu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, kwa sababu ubovu wa setelite ndio uliosema ukweli.

Tarehe 24 ya mwezi ule ule waziri wa kwanza wa Malaysia alitangaza kwamba safari iliishia kusini ya Bahari ya Hindi. Jamaa za watu waliambiwa hivyo bila kuonyeshwa hata kipande kimoja, paka hesabu. Wengi walikataa, na nani atawalaumu?

Ujumbe wa mwisho ulifika saa mbili na dakika 19 asubuhi, dakika 8 tu kisha ule wa mbele. Haukungoja kuulizwa: chombo kilikuwa kinawaka upya, na wataalamu wanafikiri mafuta yalikuwa yameisha. Saa tatu na robo kituo kiliuliza tena. Hakuna jibu.

Mwezi wa 7 mwaka 2015 kipande cha bawa kilipatikana ku kisiwa cha Réunion, na mwaka 2016 kingine Pemba, Tanzania. Maji ya bahari ile yanasukuma vitu kuelekea Afrika, kwa hiyo vilipatana na hesabu. Lakini duara ya mwisho ni ndefu sana. Walitafuta chini ya maji kilometre za mraba 120.000 mpaka mwezi wa 1 mwaka 2017, na kampuni Ocean Infinity ikatafuta tena mwaka 2018, bure. Mwaka 2025 Malaysia ilipatana nayo tena, ku eneo la kilometre za mraba 15.000: isipopata ndege, hailipwi kitu.